Baba, Ndege Yake na Nati ya Katikati

Kabla nianze, sheria ni moja tu: hii stori isifike kwa Mama. Yeye hasomi vitu za mtandao, ukimwambia kitu iko online anauliza nani ameanika. Kwa hivyo akijua, nitajua ni nyinyi. Sasa kaeni vizuri.

Baba yangu aliitwa Wangila, lakini kwa ploti yetu Kitengela hakuna mtu alimwita hivyo. Walimwita Ndege, na wale walijifanya wako na heshima walimwita Mzee Ndege. Alikuwa Mbukusu mrefu, suruali yake ya kazi iko na mstari wa pasi hata Jumapili jioni, na mikono yake ilikuwa mizuri kuliko mikono yote nimewahi kuona kwa mwanaume. Vidole ndefu, kucha safi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza geji kwa kiwanda kimoja cha simiti upande wa Athi River, zile saa za kupima presha na joto, zenye sindano nyembamba kama nywele. Angefungua geji kwa meza yetu ya kulia, atoe vitu kumi na nane, zote ndogo kuliko punje ya wimbi, azirudishe akitusimulia vile githeri ya lunch ilikuwa mbaya, na hakuna moja ingebaki kwa meza.

Halafu mwaka wa tisini na nane mkono wa kushoto ukaanza kucheza.

Mwanzo tulicheka. Mimi ndiye nilianza, nilikuwa form two na mdomo yangu haikuwa na breki. Nikamwuliza, "Baba, unasalimia nani?"

Akaangalia mkono wake ukitetemeka kwa paja. "Nafikiri ni mtu wa kwetu Kimilili," akasema. "Ananipungia na bado sijamjua."

Tulicheka mpaka Mama akaweka biro chini. Mama anaitwa Nasike, alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na kumfanya aweke biro chini haikuwa mchezo. Lakini mwaka uliofuata mkono wa kulia nao ukajibu hiyo salamu, na hapo hakuna mtu alicheka.

Sasa mnajua watu. Mtu akitetemeka mikono asubuhi, hakuna mtu anauliza daktari alisema nini. Wanauliza anakunywa wapi. Baba hakuwahi kuonja hata busaa ya harusi, alikuwa mzee wa kanisa, lakini hiyo haikusaidia. Supervisor wake, jamaa anaitwa Gakuru, alimsimamisha mbele ya shift nzima akamnusa mdomo. Akanusa mara mbili. Alipokosa kitu, akasema basi atakuwa anatafuna miraa. Baba alikuja nyumbani akatuambia hiyo stori mara moja, na sauti ya mtu anasoma geji, na hakuirudia tena. Mwaka wa elfu mbili na moja wakampatia barua ya kufutwa.

Daktari wa Nairobi ndiye alisema ukweli. Ni ugonjwa wa mishipa ya ubongo, hauponi, dawa inausukuma mbele kidogo tu. Kwa hesabu yake, mikono ya kazi ndogo-ndogo ilikuwa imebaki miaka mitatu, labda minne. Baba aliuliza swali moja peke yake.

"Ya kushika vijiti vya rimoti je?"

Daktari hakuelewa. Mimi na Mama tulielewa.

Hii ndio maana. Mwaka wa tisini na sita mzungu mmoja wa pale kiwanda alimaliza kandarasi yake akarudi kwao, akamwachia Baba sanduku. Ndani kulikuwa na rimoti yenye antena ndefu kama fimbo ya kuchunga, injini saizi ya yai, na karatasi kumi na moja za fotokopi. Zilikuwa za ndege ndogo ya kuchezea inaitwa otojairo. Na ukiiita helikopta mbele ya Baba, ujue umejiandikisha kwa lekcha.

"Helikopta, injini inazungusha panga za juu," angesema. "Hii yangu, injini iko mbele, inavuta tu. Panga za juu hazijaunganishwa na kitu. Ni upepo unazizungusha, kama ile karatasi ya watoto kwa kijiti. Injini ikizima saa hii, panga bado zinazunguka, inakuja chini polepole. Ndege zingine zinaanguka, Cindy. Hii inashuka."

Ilikuwa hobi tu ya Jumamosi. Baada ya daktari ikawa kitu ingine. Jioni hiyo, tukiwa kwa sukuma wiki, akatuambia chenye anataka, na alikitaka mpaka mwisho: aitoe chini, azungushe duara moja, airudishe chini, yeye mwenyewe, na mikono yake. Mara moja tu. Baada ya hapo mikono ikitaka kwenda iende.

"Na ni kwa nini usichukue ndege ya kawaida?" Mama akamwuliza. "Si hii ndio inaanguka kila wiki?"

"Ya kawaida inataka mkono umetulia kila dakika. Hii, kichwa ikikaa sawa, inajisimamia. Mimi ni kuiambia tu twende huku, twende kule."

Kichwa. Maze, hiyo neno tumelisikia kwa hiyo nyumba kuliko jina la Yesu. Kichwa ni pale juu ya mlingoti mdogo, pale panga mbili zimeshikiliwa, na hapo ndipo shida yote ilikuwa imekaa. Sikieni, ni rahisi, mimi nilipata D ya fizikia na bado nilielewa. Ndege ikienda mbele, panga ya upande mmoja inakimbia ikikutana na upepo, na ya upande wa pili inakimbia ikiuhepa. Ile inakutana na upepo inainua sana. Ile inahepa inainua kidogo. Sasa ukifunga panga zote mbili zikaze kwa kichwa, upande mmoja unainuliwa, mwingine unabaki, na ndege inapinduka kama meza ya bar.

Na Baba alizifunga zikakaza. Karatasi za mzungu zilikuwa zimesema zisikazwe, lakini yeye alikuwa fundi wa geji, na fundi wa geji hawachi kitu ikichezacheza. Ndege ya kwanza ilipinduka. Ya pili tulipeleka Kona Baridi kwa sababu alidhani upepo wa pale kwa mteremko utaisaidia. Upepo ulisaidia kuitupa upande wa Magadi, tukaokota mkia peke yake. Ya tatu na ya nne zilikufa nyuma ya Isinya, kwa uwanja wa Sankale.

Sankale alikuwa mfugaji, age ya Baba, anauza mbuzi soko ya Kajiado. Walijuana juu Baba alimtengenezea mizani yake ya kupimia mbuzi, na Sankale akaapa haijawahi kumdanganya tena, labda yeye ndiye anaidanganya. Alikuwa na nyika tambarare, haina miti, haina waya, na alitupatia tuitumie bure ili mradi acheke.

"Sopa, mwenye kuku!" angetusalimia tukifika, kuku ndio ndege yetu.

"Ipa," Baba angejibu.

"Leo itapita seng'enge ama tuichinje tu mapema?"

Sankale ndiye alitatua kichwa, na mpaka leo hajui vizuri alifanya nini. Ilikuwa elfu mbili na tatu, tumetoka kuokota ya tano. Alikuwa anafunga punda wawili kwa mkokoteni wa maji. Punda hawakuwa wamefungwa kwa mkokoteni moja kwa moja. Kulikuwa na mti mmoja umelala nyuma yao, kila punda anavuta kwa ncha yake, na huo mti umeshikwa na bolti moja peke yake katikati. Unacheza. Punda mmoja akivuta sana, upande wake unaenda mbele, wa mwenzake unarudi nyuma, na mkokoteni unaendelea kwenda wima.

Baba akasimama hapo na mkia wa ndege kwa kwapa. "Kwa nini hukukaza hiyo bolti?"

"Wewe!" Sankale akacheka. "Huyu ni mvivu, huyu ako na haraka kama mtu wa Kitengela. Nilikaza mara moja. Yule wa haraka akanipeleka mtaroni na mitungi yote. Saa hii wanamalizana wenyewe hapo katikati, mimi nakaa nyuma kama chifu."

 Wiki nzima Baba hakupata usingizi.

Kichwa kipya kilichukua mwaka na nusu kwa sababu ya mikono. Panga mbili zilifungwa kwa ubao mmoja mdogo wa alumini, na ubao ukashikwa na bolti moja katikati, kati ya visahani viwili. Panga ya upande huu ikiinuka, ya huko inashuka. Ile yenye haraka inapanda na kupoteza nguvu, ile mvivu inashuka na kupata nguvu, wanamalizana. Siri ilikuwa nati ya hiyo bolti. Ilikuwa nati ya namba kumi, ile iko na plastiki ndani, inakaa pale umeiwacha bila kulegea zaidi. Baba aliiwacha nusu zunguko kabla ikaze. Ikikaza, visahani vinabana ubao na tumerudi kwa meza ya bar. Hiyo nusu zunguko ilimchukua siku nne, na spana inaimba kwa bolti kama kengele ya shule.

Alituambia mambo ya hiyo nati. Lazima niseme ukweli, alituambia mara nyingi. Lakini ilikuwa miaka nane ya kichwa, kichwa, kichwa, na mtu anachoka. Akianza, mimi nilikuwa nishahepa kwenda sayba, ile duka ya intaneti pale nilikuwa nimepata kazi, na Mama alikuwa anasahihisha vitabu akisema "eeh, Baba Cindy," "ni kweli, Baba Cindy," bila kuinua macho.

Sasa kuna kitu ingine ya kwetu lazima muielewe, ama hii stori haitaingia.

Tangu mikono ianze kumkataa, Baba alikuwa anawacha vitu nusu. Kifuniko ya thamosi imekaa juu-juu. Mtungi ya gesi haijafungwa mwisho. Chupa ya dawa, mfereji wa choo, zipu ya Biblia, vifungo viwili vya chini vya shati. Siku moja mimi na mdomo yangu nikamwambia mbele ya wageni, "Baba, gesi umeiwacha wazi, unataka tuende mbinguni kama familia?" Wageni wakacheka. Baba akacheka. Mama hakucheka. Wageni walipotoka akanipeleka jikoni akanishika sikio, mimi mtu mzima wa miaka kumi na tisa.

"Kwa hii nyumba," akasema polepole, "chenye baba yako amewacha wazi, unafunga. Chenye amelegeza, unakaza. Na husemi."

Hivyo ndivyo tuliishi. Tuliita kumalizia. "Umemalizia?" Mama angeniuliza na macho, na mimi ningeenda kwa mfereji. Baba angetoka chumbani na shati wazi, Mama angejifanya anapangusa vumbi kwa kifua chake, na akitoa mkono, vifungo vimefungwa. Miaka minne. Sijui kama Baba alikuwa anajua. Nadanganya, alikuwa anajua.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya pili ya Februari, elfu mbili na tano. Kiangazi, nyasi imekuwa rangi ya gunia, upepo wa asubuhi ni mdogo. Januari tulikuwa tumeifunga ndege kwa pickup ya Sankale na tukaendesha polepole, na juu ya pickup panga zilizunguka na ndege ikatulia kama mtoto ameshiba. Kwa hivyo kichwa kilikuwa sawa, hiyo tulijua. Ilibaki mikono. Akimeza dawa saa moja, mikono ilitulia kutoka saa mbili mpaka saa tatu. Alikuwa na lisaa limoja kwa siku la kuwa Wangila.

Mama alivaa nguo ya kanisa. Nilimtania kwamba anaenda kuona kuku, si kuona askofu.

"Nyamaza," akasema. "Baba yako anaruka leo."

Tulifika nyika ya Sankale saa mbili kasoro. Baba alitandaza gunia, akaweka ndege, akaanza kupima kila kitu kwa utaratibu wake. Mafuta ya methanoli na kasta oili ya kemisti, sawa. Betri, sawa. Magurudumu, sawa. Mwisho akaweka mkono kwa kichwa na kukitikisa. Mikono ilikuwa bado haijatulia kabisa. Nilimwona akitikisa, nikaona ubao ukicheza.

"Iko free," akasema.

Ilikuwa inacheza kweli. Lakini sasa najua ni nini ilikuwa inacheza. Ni mkono wake. Ulikuwa unatikisa ndege nzima, na yeye akasikia kwa vidole ile kitu alikuwa anatarajia kusikia.

Sankale akapiga propela na kijiti, injini ikalia kama nyuki wamekasirika. Baba akasukuma panga za juu na kidole zianze, akachukua rimoti. Ndege ikakimbia kwa vumbi, panga zikawa moshi, na vile tu, bila kelele ya ziada, magurudumu yakawacha ardhi.

"Kuku imepita seng'enge!" Sankale akapiga kelele. "Wangila! Imepita!"

"Yesu," Mama akasema. "Yesu, Yesu."

Wote walikuwa wanaangalia juu. Mimi niliangalia mikono. Sijui ni kwa nini, labda juu hiyo ndiyo kitu tulikuwa tunaichunga miaka yote. Na mikono ilikuwa imetulia. Nawaapia. Vidole gumba viwili vilikuwa juu ya vijiti kama vya mtu ameshika kifaranga. Kile cha kulia kilikuwa kimesukuma kijiti upande wa kulia kidogo na kukaa hapo, na sikujua kwamba hiyo ilikuwa dalili ya shida. Baba naye, alikuja kuniambia baadaye, aliona ndege inaegemea kushoto akadhani ni yeye.

Ilizunguka nusu ya duara ikienda na upepo nyuma. Ilikuwa nzuri. Sina neno lingine, na nyinyi mnajua mimi sikosi neno. Halafu ikageuka kurudi kwetu, ikapata upepo usoni, ikaongeza mwendo, na upande wa kulia ukaanza kuinuka.

"Kulia," Baba akasema kwa sauti ya chini. Kijiti kikaenda kulia zaidi. "Kulia, mama," akaibembeleza ndege. "Kulia."

Kijiti kilifika mwisho. Ndege haikusikia. Ikainuka upande mmoja, ikainuka, ikalala kwa mgongo hewani, na ikaja chini kichwa kwanza. Mlio ulikuwa mdogo, kama mwiko umevunjika.

 Hata Sankale, ambaye kwa kila ndege alikuwa na mzaha, alivua kofia. Baba alizima rimoti, akasukuma antena ikaingia ndani yote, polepole. Halafu akasema neno moja.

"Mikono."

Tulitembea mpaka pale. Propela imevunjika, mlingoti umepinda, panga moja imebaki nusu. Injini ilikuwa imepigwa na jiwe mpaka ule mhimili wa mbele umelala upande. Baba akapiga magoti. Akachukua kichwa, akakiweka chini kwa ardhi, akakishika na mkono wa kushoto, na kwa kidole kimoja cha kulia akabonyeza panga iliyobaki.

Haikusonga.

Akabonyeza tena. Nikaona mgongo wake unanyooka.

Mama alikuwa amepiga magoti upande wa pili, nguo ya kanisa kwa vumbi, anaokota vipande anaviweka kwa kanga kama mtu anaokota mahindi. Alikuwa analia ile kulia ya walimu, bila sauti.

"Na vile nilikuwa nimekukazia hiyo nati, Baba Cindy," akasema. "Asubuhi, ukioga. Nilikuwa naombea hiyo ndege, nikagusa hapo juu nikapata umeiwacha imelegea. Nikasema ai, hii itamwangusha. Nikachukua spana nikakumalizia."

Jua lilikuwa limeanza kuwa kali. Baba akahamisha kidole gumba, akakiweka juu ya nati. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama kwa hivyo uso wa Baba niliuona wote. Ilipita kwa huo uso miaka nane, mimi niliiona ikipita, ndege moja moja. Sankale naye, mtu wa punda, alifungua mdomo.

"Lakini Wangila, hiyo bolti si ndio ile..."

"Sankale," Baba akasema, "tuletee gunia."

Sankale akamwangalia. Akaangalia Mama. Akaenda kuleta gunia.

"Asante, Mama Cindy," Baba akasema. "Ulifanya vizuri. Ni mikono tu. Imenikataa."

Mchana huo nilimpata nyuma ya ploti, amekaa kwa ndoo imepinduliwa kando ya tenki ya maji. Lisaa lake lilikuwa limeisha, mikono yote miwili ilikuwa inaruka kwa magoti.

"Baba, hiyo nati."

"Nati gani?"

"Usinichezee. Mikono yako ilikuwa poa. Mimi sikuangalia ndege hata kidogo, niliangalia mikono."

Akageuka. "Uliangalia?"

"Mwanzo mpaka mwisho."

"Ilikuwa vipi?"

"Ilikuwa imetulia."

Akatingisha kichwa muda mrefu, sijui ni ugonjwa ama ni yeye. "Basi kuna mtu ameona," akasema. "Inatosha."

"Haitoshi! Ploti nzima itasema Ndege ameangusha ndege. Wale wa kiwanda watasikia. Gakuru atasikia!"

"Watasema mikono. Kwani jana walikuwa wanasema nini?"

"Basi tumwambie Mama peke yake. Hata haezi kasirika, ataelewa."

"Ataelewa," akasema. "Hiyo ndiyo shida. Mama yako amenifunga vifungo miaka minne na hajawahi kuniambia nimesahau hata kimoja. Leo mimi ndiye nimwambie?"

Nikaangalia vifungo vya shati yake, vyote vimefungwa.

"Wewe, mdomo yako ni redio ya mchina, inashika stesheni zote," akasema. "Hii usishike."

Alijaribu kuitengeneza. Mwezi wa tatu alinyoosha mlingoti. Mwezi wa nne mvua ikaanza na ule mhimili wa injini ukavunjika kabisa akijaribu kuunyoosha. Mwezi wa sita hakuweza kushika bisibisi. Dawa ya lisaa ikawa ya nusu saa, halafu ikawa ya kumeza tu. Na ile nyika, ndugu zake Sankale waliuza upande wao, ikapigwa bikoni za mpaka na waya. Hakukuwa na ndege wala mahali pa ndege.

Lakini hiyo si ndio ilikuwa mbaya. Mbaya ilikuwa wageni. Kila mtu akija kumwona, Mama alikuwa anasimulia ile Jumamosi, na huruma yote ya dunia. "Alijaribu sana. Ilipanda, jameni, mngeiona. Lakini mikono ikamkataa." Na Baba alikuwa amekaa hapo hapo kwa kiti na mto nyuma ya mgongo, anasikia. Hata Gakuru alikuja siku moja na sukari na unga, akasikia hiyo hiyo stori, akaangalia chini. "Pole, mzee," akasema. "Kumbe ilikuwa ugonjwa." Baba akajibu, "Eeh. Ni mikono." Mimi nilitoka nje nikaenda kufunga mfereji ambao ulikuwa umefungwa.

Alikufa Agosti elfu mbili na nane. Tulimzika nyumbani, Kimilili. Wiki mbili baada ya matanga, watu wameenda, tulikuwa mimi na Mama nyuma ya nyumba asubuhi, tunapukuchua mahindi. Mama alitupa gunzi kwa rundo. Halafu akaniuliza bila kuniangalia.

"Cindy, wewe baba yako alikuwa anakuambia hizo vitu zake. Ile nati ya hapo juu."

Gunzi likabaki kwa mkono wangu. "Eeh, Mama."

"Niliikaza na ile spana ndogo. Na nilikuwa naogopa kuvunja, sikuweka nguvu yangu yote." Akapukuchua mistari miwili. "Nimekuwa nikijiuliza. Kama ningekaza zaidi, unadhani ingeanguka?"

Miaka mitatu na nusu alikuwa amebeba hiyo kitu, upande wake, kama vile Baba alikuwa amebeba upande wake, kwa kitanda kimoja.

"Ulikaza, Mama," nikasema. "Niliishika mimi mwenyewe. Ilikuwa imekaza kabisa."

"Kweli?"

"Kweli."

Akavuta pumzi akaitoa, mabega yakashuka. "Basi ilikuwa mikono tu."

"Ilikuwa mikono tu," nikasema, na yeye akachukua hindi lingine.